Naam Moja na Mtambo wa Kuzungusha Filamu

Kwetu Bofu, Likoni, mtoto wa kiume akiitwa haitiki "eeh." Eeh ni ya mbuzi, alisema mama yangu, na kofi lake la kwanza ninalolikumbuka lilikuwa la eeh. Mwanamume huitika "naam," mwanamke huitika "abee," na hapo hujakubali neno wala hujakataa neno. Umesema tu kwamba upo na masikio yako wazi. Na ikiwa hukusikia vyema, pia husema naam, ukaipandisha kidogo mwishoni, maana yake hebu rudia. Mtu wa kwetu hafundishwi haya ukubwani. Huyahisi kama anavyohisi chumvi kwenye mchuzi.

Nimeanza hapo kwa sababu neno hilo ndilo lililonila. Shule niliiacha darasa la nne, kwa hivyo asiyeupenda mwandiko wangu na avumilie, au afunge kitabu. Wenye makosa nitawataja, kila mmoja kwa kazi yake, na kila mmoja akisoma atajijua. Majina yao wanayo wenyewe.

Nilikuwa mkata mawe Mwakirunge, kwenye timbo la tajiri mmoja ambaye pia ana hoteli Nyali. Ni mtu wa pwani kama mimi, mwenye kofia safi na salamu ndefu, usidhani ubaya una kabila. Mwaka ule mvua zilipita kiasi. Ukuta wa timbo upande wa mashariki ulikuwa umechimbwa chini mpaka juu kukabaki mdomo uliotokeza, kama paa la kibanda, na chini ya mdomo huo ndiko kulikokuwa na mawe mazuri, meupe, yanayokatika sawa. Asubuhi moja tukaona ufa juu ya ule mdomo. Ulikuwa mwembamba, lakini kidole kiliingia. Tulikuwa watatu: mimi, mwenzangu mrefu aliyependa mzaha, na mwenzetu mkimya, ambaye tulimtania kwamba maneno anayaweka akiba ya Idi. Tukakaa mbali na ukuta.

Tajiri akaja mwenyewe, na bakora yake.

"Mumekaa kitako, mwangoja nini? Harusi?"

"Kuna ufa, mzee," akasema mrefu.

"Ufa huo ulikuwako babu yako hajatahiriwa. Ingieni."

Akanyoosha bakora, akaonyesha chini ya ukuta. Tukaingia. Sisemi tulilazimishwa kwa bunduki. Nasema tulionyeshwa kwa bakora, na jioni kila mtu alikuwa na nyumba ya kurudi na sufuria ya kujaza.

Asubuhi hiyohiyo kulikuwa na mwanamke mmoja pale, mtu wa bara anayekaa Nyali, aliyeruhusiwa kupiga picha wakata mawe. Kamera yake ilikuwa ya zamani, ya filamu. Mrefu akamchokoza: "Madam, hiyo picha yangu nitaiona lini?"

"Nikiisafisha."

"Basi nisafishe na mimi, nina vumbi la wiki nzima."

Akacheka, akapiga, akaenda zake kabla ya saa nne. Saa sita ukuta ukashuka.

Giza la chini ya mawe si kama la usiku. Usiku una upande. Unajua dirisha liko huku na mlango kule. Lile halina upande. Mkimya alikufa papo hapo. Mrefu alikuwa hai, namsikia kushotoni kwangu, akiniita. Nami nikiitika naam. Aliniita mara nyingi, nikaitika mara nyingi, halafu nikawa naitika bila kuitwa. Walipotufikia jua lilikuwa limekwenda upande wa pili, na niliyetolewa nikipumua ni mimi peke yangu.

Siku ya tatu hospitalini, kichwa kimefungwa na masikio yamejaa vumbi, tajiri akaja na karani wake. Karani huyu ni mtu wa bara, amesoma chuo, na alikuja na karatasi iliyobanwa kwenye ubao. Tajiri akasimama miguuni mwa kitanda.

"Fundi."

"Naam."

"Wanisikia?"

"Naam."

"Si niliwakataza kuingia chini ya ule ukuta?"

Sauti ilinifikia kama inatoka ndani ya mtungi. Nikasema, "Naam?"

Karani akaandika. Halafu akakishika kidole gumba changu cha kushoto, maana mkono wa kulia ulikuwa ndani ya bendeji, akakipaka wino. Nilidhani ni karatasi ya dawa.

Karatasi ilisema mwenye timbo alikataza, wafanyakazi wakaingia kwa hiari yao, na aliyenusurika amekiri. Karatasi haina sauti. Haijui neno limepanda au limeshuka. Alama ya kuuliza karani hakuiweka. Mimi wa darasa la nne naijua alama ya kuuliza. Yeye wa chuo hakuijua, au aliijua. Huyo ndiye mkosaji wa pili. Wa kwanza ni mwenye bakora.

Kwa karatasi hiyo, mimi sikupata fidia, na familia za wale wawili hazikupata. Mjane wa mrefu anauza mahamri na mbaazi Mwakirunge, karibu na kituo. Niliporudi kwa magongo nilikwenda kumpa pole, akanipa kiti, akanimiminia chai, kisha akaniuliza, "Shemeji, mume wangu alikatazwa?"

"Hakukatazwa. Alitumwa."

"Mbona ulisema naam?"

Nikaanza kueleza. Akaniacha nieleze mpaka mwisho, akitazama mafuta yake yasiungue. Kisha akasema, "Mimi nalijua naam. Lakini hapa kituoni watu wanapita wakisema mume wangu alikufia ukaidi, na mwenye kusema hivyo ananiambia wewe ndiye shahidi. Kunywa chai yako."

Baada ya siku hiyo hakuniita tena shemeji. Nikipita, anageuza mahamri. Na hilo ndilo lililoniuma kuliko mguu: mtu aliyeniita chini ya mawe, mke wake sasa hataki kuniita juu ya ardhi.

Ofisi za fidia nilizizunguka mwaka mzima. Njoo Jumatatu. Faili iko kwa mkubwa. Mkubwa yuko semina. Kwa Kiswahili chetu mtu huyo anakuzungusha, na sijui kama lugha nyingine inalo neno lililo sawa hivyo, maana unatoka mlango uleule ulioingilia na kichwa kinakuuma kama umechezeshwa. Mwisho afisa mmoja, bila ubaya wowote, aliniambia, "Mzee, neno lako liko hapa na kidole chako kiko hapa. Una nini cha kulipiku?"

Ndipo nikamkumbuka mwanamke wa kamera.

Kumpata Nyali ilikuwa kazi. Mageti ya kule yana walinzi, na mlinzi ni mtu kama wewe, kwa hivyo hakuogopi. Nilipompata alinitambua, akaketi kwenye ngazi yake mwenyewe. Akaniambia alihamia Nairobi baada ya ajali, akaacha filamu, akapiga za simu na za kompyuta. Sasa amerudi, na filamu nyeusi na nyeupe zimerudi kupendwa, watu wa mahoteli wanazitaka ukutani.

"Na zile za timboni?"

"Ziko kwa friji, bado sijazisafisha. Ziko na zingine mob, rundo zima, mzee wangu, na sikuandika chochote juu. Hata sijui ni gani." Akafikiri. "Nimenunua mashine ya kusafisha, ya kuzungusha. Nimekodi vyumba viwili Kisauni. Nahitaji mtu wa kukaa nayo. Wewe kaa nayo. Ukiipata hiyo filamu, ni yako."

Maneno hayo nayaandika kama alivyoyasema: ukiipata, ni yako.

Chumba cha giza kilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, Kisauni. Siku ya kwanza alifunga mlango, akaziba ufa wa chini kwa taulo, akazima taa. Alikuwa bado anaongea, ananieleza kwamba filamu huingizwa kwenye ngoma gizani kabisa, hata taa nyekundu haifai, nami nikasikia upande wa kushoto mtu ananiita. Nilitoka na mlango. Nilitapika kwenye mifuko ya saruji ya mwenye duka, akanitukana mpaka jioni.

Nilirudi kesho yake. Sikurudi kwa ushujaa. Nilirudi kwa sababu filamu ilikuwa mle ndani na mjane alikuwa akigeuza mahamri.

Mtambo wenyewe ukiuona hutauheshimu. Ni beseni refu la plastiki lililojaa maji, mota mwisho mmoja, na mkono mmoja wa kuinulia. Ngoma ni mkebe mweusi. Ndani yake kuna vigurudumu vyenye mifereji, na filamu huzungushwa humo ikakaa bila kujigusa. Ukishaifunga, waweza kuwasha taa. Ngoma unailaza ubavu juu ya maji, inashikana na mota, inaanza: mizunguko miwili huku, inasita, tak, mizunguko miwili kule. Ukitaka kumwaga dawa unainua mkono, dawa inatoka kwa mdomo uleule, unamimina nyingine, ngoma haijasimama.

Uzuri wake ni ubahili. Mtu anayetikisa kwa mkono hujaza mkebe mzima. Mtambo huu unataka dawa kidogo tu, kama vikombe vitano vya kahawa, ikalala chini ya ngoma, na filamu inapita ndani yake ikizunguka, inazama na kuibuka, inazama na kuibuka. Kwanza maji matupu, ili filamu ilowe. Kisha dawa ya kutoa picha. Kisha ile inayonuka siki, ya kusimamisha. Kisha ya kushikilia, ambayo bila yake picha ingekufa juani. Kisha kuosha, na mwisho tone la sabuni.

Kosa la kwanza ambalo kila mgeni wa mtambo hulifanya ni la dakika. Kwa mkono, filamu ile ilitaka dakika kumi. Kwa mtambo, nane na nusu. Nilimwuliza madam kwa nini.

"Kwa mkono unatikisa, unaacha ipumzike, unatikisa. Hapa haipumziki. So inaiva haraka."

Nikamwambia timboni tulikuwa hivyohivyo. Alidhani natania.

Kosa la pili ni letu peke yetu, watu wa joto. Mtambo ule ulitengenezwa na watu wanaoishi kwenye baridi. Una kifaa cha kupasha maji moto. Cha kupoza hauna, hawakuwaza kwamba kuna binadamu ambaye maji yake ya bomba yanatoka na homa. Karatasi ya maelekezo ilitaka nyuzi ishirini; kipimo changu kilionyesha ishirini na tisa na jua halijapanda. Nikawa nanunua barafu kwa mama jirani anayeuzia watoto wa shule vifuko vya barafu. Vya maji matupu alinigandishia maalum. Siku moja stima zilipotea, za maji zikayeyuka, akabaki na za ubuyu tu, zilizokuwa chini kabisa ya friji. Nikazitia, nikitaraji vifuko havitapasuka. Vilipasuka. Beseni lote likawa jekundu, ngoma inazunguka kwenye ubuyu. Madam alipoingia alishika kichwa.

"Mzee wangu, hii ni nini?"

"Ubuyu, madam. Lakini hauingii ndani. Ngoma imefungwa."

"Kuna pilipili?"

"Kidogo."

Filamu ilitoka safi. Ilikuwa ya harusi fulani, na kila nikimkumbuka bi harusi yule nakumbuka pilipili. Ni moja ya siku chache ambazo nilicheka mle ndani.

Vidole vilikuwa tabu. Vidole vya sururu havisikii ukingo wa filamu. Madam alinipa filamu mbovu, nikafanya mazoezi kwenye mwanga, kisha macho yamefumbwa, kisha gizani. Nikagundua kwamba nikihesabu kwa sauti, kushoto kwangu hapanisemeshi. Kwa hivyo nikawa nahesabu. Mwenye duka alipitisha habari kwamba fundi wa nyuma ana jini wa hesabu.

Miezi ilikwenda. Kila ngoma niliyoilaza nilisema inshallah ndiyo hii. Nikishaosha, naivuta filamu ikiwa na maji, nainyanyua kwenye taa, nasoma mambo kinyume: weusi ni weupe, weupe ni weusi, meno yote ni makaa. Harusi. Ufuo. Paka wa mtu. Ngalawa, ngalawa, ngalawa, maana watu wa kamera hawajui kwamba pwani kuna kitu kingine. Filamu nzima ya milango. Kila mara moyo ulipanda ukashuka kama kipimo ndani ya barafu.

Iliyokuwa yenyewe ilitoka adhuhuri moja. Niliivuta, nikaona kwanza utupu. Nusu ya filamu haikuwa na kitu, wazi kama kioo. Nilidhani nimeiharibu. Nikaendelea kuvuta, na baada ya utupu nikakuta ukuta.

Nilikaa chini kwenye sakafu. Filamu nikaishika juu isiguse vumbi. Picha ya mwisho kabla ya utupu: tajiri amesimama na kofia yake, nyeusi pale kwenye filamu, bakora imenyooka kuelekea chini ya ukuta. Juu yake mdomo wa mwamba, na juu ya mdomo ufa, mstari mweupe. Watu watatu wanaingia wameinama. Mmoja amegeuza uso kwa kamera anacheka. Ni mrefu. Aliyefuata nyuma ni mimi, na shati lile walilonikatia hospitalini.

Madam alipokuja nilimwonyesha ile nusu tupu.

Akaivuta karibu na taa. Kisha akasema, "Nilienda nyumbani nibadilishe lenzi. Nirudi mchana. Nikasikia kwa redio. Sikupiga tena hiyo filamu."

"Basi siku yaijua."

"Siku naijua."

"Utasema?"

"Tutaona, mzee wangu. Wacha kwanza ikauke."

Ilikauka. Nikaomba picha moja kwenye karatasi, kubwa, ya kupeleka ofisini, na yeye aandike siku na kutia sahihi. Akasema wiki ijayo. Wiki ijayo akasema karatasi nzuri imekwisha. Iliyofuata, ana mtu wa kuongea naye kwanza. Nikilaza ngoma za watu wengine majini, huku na kule, huku na kule, nikajua nimefika tena ofisi ya Jumatatu, ila hii ina barafu.

Maonyesho yake yalifanywa kwenye hoteli Nyali. Ilikuwa hoteli ya tajiri. Sikujua mpaka nilipofika na kanzu yangu, nikaona bango la timbo na la hoteli rangi moja. Ukumbini nikapita picha za milango, nikapita ngalawa, nikafika kwetu. Alikuwa ametukata. Kofia haipo, bakora haipo, ufa haupo. Imebaki migongo miwili na mtu mmoja anayecheka, na chini yake kibandiko kimeandikwa *Furaha ya Kazi*.

Madam alinifuata hadi pale. Hakuniangalia usoni.

"Mzee wangu, elewa. Ukumbi ni wake. Nikimweka hapo, hakuna maonyesho."

"Ulisema nikiipata ni yangu."

"Ni yako. Nimekataa? Lakini si saa hii."

"Na siku? Utaitaja?"

"Nikitaja siku, ni mimi nitaitwa. Mimi na watoto wangu tunakaa hapa." Akashusha sauti. "Wewe hujui huyu mtu."

Nikamwambia huyu mtu namjua mpaka uzito wa mawe yake. Mkosaji wa tatu ni yeye, na ninamwandika kwa uzito kuliko wengine, kwa sababu wengine hawakuniahidi kitu.

Kabla sijaondoka, nyuma yangu sauti ikasema, "Fundi."

Mdomo wangu ukasema, "Naam."

Sikuutuma. Miaka yote ile nilikuwa nimepanga maneno ya siku nitakayokutana naye, nikiyasema mle gizani badala ya hesabu, na yote yalikwenda. Kofi la mama lilikuwa na nguvu kuliko mawe. Tajiri akanishika bega mbele ya wageni wenye glasi za juisi.

"Umepona, alhamdulillahi. Hawa vijana wangu walikuwa wachapa kazi. Si kweli?"

"Naam," nikasema tena.

Mkosaji wa nne unamjua.

Asubuhi yake nilifungua vyumba vya Kisauni mapema, kwa ufunguo niliokuwa nao. Filamu ilikuwa ndani ya kabati, kwenye karatasi yake ya kuhifadhia. Niliitia kwenye mashine ya kukuzia picha, sikukata kitu, nikaacha mpaka kingo nyeusi za filamu zionekane, ili asije mtu kusema imepunguzwa au imeongezwa. Karatasi nikaiviringisha ndani ya ngoma kubwa, nikailaza majini. Sinia ingekuwa rahisi zaidi, na kwenye sinia unaiona picha inavyokuja. Lakini sikutaka kuiona ikija. Nilitaka kusikia tak yake mara ya mwisho. Dawa ya kutoa, ya siki, ya kushikilia. Nilipoitoa na kuiosha, tajiri alikuwa amesimama mahali pake na ufa juu ya kofia.

Nilichukua picha na kipande cha filamu chenye picha hiyo, kile nilichoambiwa ni changu. Vingine vyote nikaviacha. Nikamwaga beseni, nikapangusa mtambo ukauka, maana haukunikosea. Ufunguo nikauweka juu ya mota.

Mjane alikuwa amefikia mwisho wa mahamri. Nilimpa picha ndani ya bahasha bila salamu ndefu, kwa sababu nilijua hataitikia. Akapangusa mikono kwenye leso, akaitoa. Akamtazama mumewe akicheka. Akaficha uso wake kwa kiganja, kisha akakiondoa akaanza kutazama vingine, kimoja kimoja, kama anayechambua mchele. Kidole chake kikafuata bakora mpaka inapoelekea.

"Huyu ni yeye."

"Ni yeye."

"Na huu?"

"Ufa."

"Alimwambia nini?"

"Ingieni."

"Aliyepiga atasema ni siku hiyo?"

"Anaogopa."

Akacheka kidogo, bila furaha. "Watu wote wenye hoteli na kamera na karatasi wanaogopa. Mwenye mahamri ndiye asiwe na la kuogopa."

Nikamwambia nitaipeleka mimi ofisini kesho, niombe faili ifunguliwe, nieleze kuhusu lile neno. Akarudisha picha ndani ya bahasha, pamoja na kipande cha filamu, akaifunga ndani ya leso yake.

"Nitakwenda nayo mimi."

"Twende pamoja basi, shemeji."

"Wewe baki." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemwambia mgonjwa asibebe ndoo. "Wakikuita, utaitika."

Alinifungia mahamri mawili yaliyobaki, nikayala nikitembea.

Hiyo ni miezi mingi sasa. Mguu wangu unanidai kila mvua, na nalinda ghala Changamwe, kazi ya kukaa. Madam amepata mtu mwingine wa mtambo. Nasikia hakumwambia kuhusu barafu, anaunguza filamu za watu. Ofisi ilimwambia mjane kwamba mpiga picha ataitwa kutaja siku. Hajaitwa, au ameitwa hajaitika. Wanamzungusha mjane kama walivyonizungusha mimi, Jumatatu baada ya Jumatatu, na yeye anakwenda, mahamri akayauza mapema siku hiyo.

Mtu wa kule ofisini aliyewahi kufanya kazi nasi timboni ndiye aliyenipa habari hii ya mwisho. Ati karani wa ofisi akitoka mlangoni akamwita mjane kwa jina, watu wote kwenye benchi wanangoja aitike abee, kama mwanamke wa adabu. Haitiki. Anasimama na bahasha yake, anasema, "Nipo." Kisha anamwambia karani aandike hivyohivyo.